Kigezi ya mvua hupimwa kwa saa, si kwa kilomita

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote katika safari za Kigezi, kona ya kusini-magharibi mwa Uganda, hufanyika mezani, wiki kadhaa kabla ya gari kuwashwa. Mtu anafungua ramani, anaona Buhoma na Rushaga zote zimeandikwa kwenye msitu mmoja wa Bwindi, anahesabu kwa kidole, anasema ni jirani. Analipia kitanda Buhoma, kibali chake cha kuwatazama gorila kinasema Rushaga. Msitu wenyewe una kilomita za mraba 331 tu, lakini gari halipiti katikati yake kama kisu kwenye papai. Linauzunguka, juu ya migongo ya vilima, na barabara ikiwa kavu hiyo ni safari ya saa nne hivi. Ikinyesha usiku, usitaje saa. Maelekezo kwa watalii huanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi, na kundi halimsubiri aliyekwama kwenye tope.

Kwa hiyo anza na kibali. Hicho ndicho kigingi. Mengine yote ni kamba zinazofungwa kwake. Bwindi ina sehemu nne za kuanzia kuwatafuta gorila: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki kwenye vilima virefu, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali kina tarehe na kina sehemu, na huwezi kuamka asubuhi ukabadilisha kimojawapo. Katika viwango vilivyoanza Julai 2024, raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda na mgeni asiyeishi hapa analipa dola 800. Tofauti hiyo ni kubwa mno, ndiyo maana utaulizwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu iliyozima chaji haimsaidii mtu. Chukua chenyewe, kitie kwenye mfuko wa nailoni, kikae kifuani. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata gorila, na mwenye mafua au homa hurudishwa, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua yanawapata wao pia. Barakoa ni lazima. Kundi moja hutembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja.

Ukishajua tarehe na sehemu, hesabu siku kwa kurudi nyuma. Usiku wa kuamkia siku ya kibali, lala palepale, mwendo usiozidi nusu saa hadi lango. Usiku wa kabla ya huo, uwe tayari umefika vilimani, mjini Kabale au kwenye ziwa Bunyonyi. Na siku ya akiba, ile ambayo kila mpangaji mzuri huiacha wazi, iweke kabla ya kibali. Wengi huiweka mwishoni, karibu na kurudi, wakidhani ndipo pa kupumzika. Mwishoni haiokoi chochote: daraja likifunikwa na maji siku ya kwenda, kibali kimeshapotea na siku yako ya akiba bado iko mbele inakuchekea.

Mpangilio unaokaa vizuri ni huu. Siku ya kwanza Kampala hadi Kabale kupitia Masaka, Mbarara na Ntungamo, kilomita 400 na ushei, saa nane za barabarani pamoja na kula. Siku ya pili iko wazi, Bunyonyi. Siku ya tatu asubuhi kuelekea Rushaga au Nkuringo. Ya nne msituni. Ya tano kuteremka Kisoro, ya sita hifadhi ya Mgahinga, ya saba na ya nane kurudi. Wanaotaka kuunganisha na hifadhi ya Queen Elizabeth wapange Buhoma, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyo upande huo. Lakini msimu wa mvua tunawasihi wasipite njia ya Ishasha, kusini mwa hifadhi hiyo, kwa ajili ya ufupi tu. Udongo wa kule tambarare ni mweusi, hushika tairi kama ugali, na malori yanayokwenda Kongo hulima mifereji ambayo gari dogo hubaki limeketi kwa tumbo. Afadhali kuzunguka Ishaka na Rukungiri kwa lami.

Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba. Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, hunyesha kidogo, lakini neno "kiangazi" halina maana kamili kwenye msitu ambao hutengeneza mawingu yake mwenyewe. Koti la mvua hubebwa miezi yote kumi na miwili. Hatumkatazi mtu kuja masika. Vitanda hupungua bei, vibali hupatikana kwa urahisi zaidi, vumbi hakuna, na mvua ikikatika hewa huwa imeoshwa: unasimama Kanaba, kwenye mpando kati ya Kabale na Kisoro, na volkano tatu zinaonekana hadi makunyanzi. Ila uje ukijua saa za mvua. Siku ya kawaida huamka na ukungu mabondeni, ukungu hupanda saa tatu au nne, anga hufunguka, kisha mawingu hujikusanya adhuhuri na maji hushuka alasiri. Si sheria, maana Novemba inaweza kunyesha tangu alfajiri. Lakini ukipanga kila kitu kizito kiishe kabla ya saa nane mchana, utakuwa upande wa mvua badala ya kupigana nayo.

Na mwanga pia. Kigezi iko pembezoni kabisa magharibi mwa saa yetu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi. Anayetoka Kabale saa kumi na moja alfajiri ili "awahi" anaendesha karibu saa mbili gizani na kwenye ukungu, na taa za gari kwenye ukungu hukurudishia ukuta mweupe. Dirisha zuri la kuendesha kwenye barabara za udongo ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane mchana. Saa sita na nusu hivi ndizo ulizo nazo kwa siku. Gawa safari ndani yake.

Kuna mtego mwingine wa saa ambao huwashika hata Waganda. Rwanda na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukilala Kisoro au vilima vya Nkuringo, simu yako hunasa mnara wa ng'ambo usiku bila kukuomba ruhusa, inajirudisha nyuma saa moja, na kengele uliyotega saa kumi na mbili inalia saa moja. Pamoja na hayo, salio lako linakatwa kama la mtu aliye nje ya nchi. Kabla ya kulala, zima mpangilio wa saa ya kujirekebisha, chagua mtandao wa Uganda kwa mkono, au tumia saa ya mkononi. Tunalisema hili kila safari, na kila safari yuko asiyelifanya.

Tuje kwenye udongo, maana hapa ndipo safari hufa au hupona.

Vilima vya Kabale, Rubanda na Kanungu vimevikwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali. Dakika ishirini za mvua, na sentimita mbili za juu hugeuka kuwa uji wakati chini bado ni tofali. Utelezi unatoka hapo: tairi haizami, inaogelea. Ushike mkononi uone. Ukifinyanga bonge lake likatoa utepe mrefu usiokatika na vidole vikang'aa kama vimepakwa mafuta, barabara hiyo haipandiki sasa. Bonge likimeguka na kuacha chembechembe, kuna mchanga ndani yake, nenda. Kipimo hiki cha vidole kina thamani kuliko maneno ya mtu aliyepita jana. Na ukiambiwa haipandiki, dawa ya kwanza ni bure: subiri. Saa moja na nusu ya jua baada ya mvua hubadilisha mpando kabisa.

Kisoro ni nchi nyingine. Udongo wake umetokana na volkano, ni mweusi, wenye vinyweleo, hunywa maji kama sponji. Mvua ileile inayofunga barabara ya Rubanda, Kisoro inaacha madimbwi tu. Lakini chini yake kuna mawe ya lava yenye makali, yale unayoyaona yamepangwa kuta kandokando ya mashamba, na hayo hukata tairi ubavuni.

Hapo pana jambo ambalo madereva wageni hulikosea. Kwenye mfinyanzi unapunguza upepo wa tairi, tuseme kutoka paundi 35 hadi 25, ili tairi lilale na kushika sehemu kubwa. Kwenye lava unafanya kinyume, unaujaza tena, kwa kuwa tairi laini huvimba ubavu na jiwe hulipasua mahali pasipozibika. Anayeteremka kutoka Nkuringo kwenda Kisoro na upepo wa tope hubadilisha tairi kabla ya kufika mjini. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari inatosha, pamoja na kipimo cha upepo. Tairi za akiba ziwe mbili kama gari lina nafasi.

Gari liwe lile linalovuta magurudumu yote manne na lenye tumbo la juu. Ndani yake: jembe au sepetu, kamba ya kuvutia ya mita kumi, mbao mbili za urefu wa mita moja, panga, tochi ya kichwani. Mbao zina kazi mbili. Moja ni kuziweka chini ya tairi, ya pili ni kukalia jeki, kwani jeki peke yake kwenye tope huzama badala ya gari kupanda, na mtu anajikuta amechimba shimo kwa jeki yake. Petroli au dizeli jaza Kabale au Kisoro. Ya kwenye chupa kandokando ya njia iache kwa dharura.

Mpandoni, ingia na gia ya pili nzito, mwendo mmoja, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Gia ya kwanza huzungusha tairi, na tairi likizunguka hujaza tope kwenye meno yake likawa kama chungu kilichopakwa mafuta. Mteremkoni acha injini ikushikilie. Breki ikifunga magurudumu, gari ni sabuni. Likianza kuteleza kwa upande, toa mguu kwenye breki na elekeza usukani kule nyuma inakokwenda. Na ukilazimika kuchagua pa kuangukia, angukia mtaro wa upande wa mlima. Mtaroni utatolewa na vijana sita kwa nusu saa. Upande wa bonde hakuna kijana wa kukutoa. Patana bei kabla hawajaanza kusukuma, kwa adabu, kwani ndio wanaozibua makalavati na kufukia mashimo usiku ule wewe ulipokuwa umelala.

Kabla ya kupita chini ya kingo zilizochimbwa, tazama. Maji ya matope yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu, vijiwe vinavyodondoka kimoja kimoja, mti au nguzo iliyoinama kuelekea njia: hizo ni salamu za maporomoko. Rudi nyuma mita mia, ngoja, uliza. Usisimame hapo kupiga picha, na usipige hema chini ya ukingo wa namna hiyo hata kama ndipo penye tambarare pekee.

Msituni mguu ndio gari. Kuwafikia gorila huchukua nusu saa au saa sita, na hakuna anayeweza kukuahidi, kwa kuwa gorila wanahamahama, na askari wa wanyamapori huwafuata kutoka pale walipolala jana. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Ikinywa maji inakuwa na uzito wa mtoto mchanga, na haikauki siku mbili. Vaa kitambaa chepesi kinachokauka upesi, fulana ndani, sweta la sufu ndani ya mfuko, koti la mvua juu. Joho la mvua lile pana linafaa mtumbwini. Kwenye vichaka vya Bwindi linanaswa na kila mwiba. Glavu za bustani, hizi za bei ndogo sokoni, ni kitu cha thamani kuu: mkono hutafuta cha kushika wakati mguu unateleza, na kilicho karibu mara nyingi ni majani yanayowasha.

Viatu viwe vya kufunga juu ya kifundo, vyenye meno marefu, na viwe vimekwisha kuzoea mguu wako. Buti za mpira ni nzuri kwa kinamasi, kama kule Mubwindi chini ya Ruhija, lakini kwenye mteremko mkali mguu husogea ndani na kidole gumba hulipa. Suruali ingiza ndani ya soksi. Huo si urembo, ni kwa ajili ya siafu. Ukiona utepe mweusi unaokwenda kasi kuvuka njia, usiukanyage na usisimame karibu; ruka, endelea hatua ishirini, ndipo ukague miguu. Wanaosimama kukagua papo hapo hupandwa upya. Soksi jozi tatu, maji lita mbili, chapati ya mayai ile tunayoiita rolex, mayai ya kuchemsha, karanga. Kila kitu ndani ya kavera, yaani mfuko wa nailoni, kwanza, halafu ndani ya begi, kwani kifuniko cha begi cha mvua huzuia maji ya juu tu, na Bwindi hulowesha kutoka chini.

Chukua mpagazi. Hili tunalisema kwa nguvu hata kwa vijana wenye vifua. Kwa dola 15 hadi 20 hivi unapata mtu aliyezaliwa kwenye mteremko ule, anayebeba mzigo wako, anayejua mzizi upi unashika na upi umeoza, na mkono wake ukiuhitaji upo. Fedha hiyo inalala usiku uleule katika nyumba inayopakana na msitu. Kwa msitu wenye mipaka iliyobanwa na mashamba pande zote, hiyo ni sehemu ya ulinzi wake.

Kwenye ziwa Bunyonyi, mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku hushuka hadi kuhitaji mablanketi mawili. Usiku mbili hapo husaidia pia mapafu ya mtu anayetoka Mombasa au Dar es Salaam na anayetaka kupanda volkano baadaye. Mtumbwi wa kuchonga kwa gogo la mkaratusi una tabia yake: mgeni akipiga kasia upande mmoja tu, unazunguka kama pia. Kasia la nyuma ndilo usukani. Mwisho wa kila pigo, geuza ubapa wa kasia kidogo kuelekea nje, mtumbwi utanyooka. Vaa boya la kuokolea hata kama wenyeji hawavai. Toka asubuhi, rudi kabla ya upepo wa mchana, na ngurumo ya kwanza ikisikika mbali, elekea ukingo ulio karibu badala ya kule mlikotoka. Visiwa viko 29, hamtamaliza vyote kwa siku moja, wala hakuna haja.

Mgahinga ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 34 hivi, lakini imebeba Muhabura wenye mita 4,127, Gahinga na Sabyinyo. Muhabura ni siku nzima, kupanda na kushuka karibu saa nane, na juu mvua huja ikiwa mawe na upepo. Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuanza, saa saba mchana isizidi, na muiheshimu hata kilele kikiwa mbele ya macho. Anayetetemeka, anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka na kukataa kutembea, amepigwa na baridi; mvue kilicholowa, mvishe kikavu, mpe kitu kitamu, mshusheni mara moja. Sabyinyo ina ngazi za miti zinazoteleza sana zikilowa. Shuka ukiwa umetazama ngazi, kama unavyoshuka darini. Kama mvua imenyesha usiku kucha, kuwafuata kima wa dhahabu kwenye mianzi ni siku nzuri zaidi kuliko kung'ang'ania kilele, na mianzi yenyewe ikiwa imelowa hutoa sauti ambayo hutaisahau.

Kiswahili kinasikika Kisoro kwa madereva, wafanyabiashara wa mpakani na askari, lakini vijijini Kabale ni Rukiga. "Agandi" hujibiwa "ni marungi". Upande wa Kisoro ni Rufumbira, na "muraho" hufungua mlango. Mzee usimpite bila salamu, hata kama mvua inakukimbiza. Pesa taslimu toa kwenye miji hiyo miwili, noti ndogondogo. Ziara za Wabatwa, watu waliokuwa wakiishi ndani ya misitu hii mpaka walipotolewa ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1991, zipange mapema na uulize fedha inamfikia nani. Ni swali halali na viongozi wazuri hulijibu bila kununa.

Jioni ya kila siku yenye tope, viatu vifungue kamba zote, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, badilisha magazeti kabla ya kulala. Usiviweke karibu na moto: gundi huyeyuka, na soli hubanduka kesho yake katikati ya mteremko. Kamera iliyokuwa baridini iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuifungua kwenye chumba chenye moto, la sivyo kioo kinalowa kwa ndani. Na hema, hata kama mnaondoka kwa haraka, likung'uteni maji na mlitandaze juu ya mizigo ndani ya gari. Likifungwa likiwa limelowa, mkifika Kampala litakuwa limeshaota kuvu kwenye mishono.